Tutalala Italia Mara 11: Tuache Miji Gani?

BARUA

Kwako Mshauri,

Assalaam alaykum. Ninakuandikia kutoka Malindi nikiwa na jambo la furaha ambalo limeanza kuleta maneno nyumbani, na kabla halijafika mbali nimeona nitafute ushauri wa mtu asiye na upande.

Nina umri wa miaka 49, ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka 19 nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za hapa pwani. Unajua Malindi ilivyo na Waitaliano. Ukisimama nyuma ya kaunta muda wote huo, lugha yao inakuingia hata kama hukukaa darasani. Ninazungumza Kiitaliano, ninakisoma, na hata kukiandika ninaandika kwa makosa machache, lakini Italia yenyewe sijaikanyaga. Mume wangu ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na miaka yote hiyo amewafundisha watoto wa watu habari za Warumi bila kuona hata jiwe moja waliloliweka. Mwaka ujao tunatimiza miaka 25 ya ndoa, nasi tumeweka akiba kwa miaka sita kwa ajili ya safari hii moja. Tutaondoka Aprili shule zikifungwa, na kwa kuwa ruhusa yangu kazini haiwezi kuzidi wiki mbili, tukitoa siku za kwenda na kurudi tutalala huko mara 11.

Tatizo ni ratiba. Binti yetu mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, ametupangia safari kwa mapenzi yake yote: tunashuka Milan na kulala mara moja, Venice mara moja, Florence mara mbili huku tukipitia Pisa, Roma mara mbili, Napoli mara mbili ili tuone magofu ya Pompeii na kisiwa cha Capri, kisha tunaruka hadi Paris kwa usiku mbili kwa sababu viza ni ileile, na usiku wa mwisho tunarudi Milan kupanda ndege ya nyumbani. Mume wangu ameipenda. Kila nikifungua mdomo kusema kwamba ni mbio, hunijibu kwa upole, "Mke wangu, tumejinyima miaka sita na huenda tusirudi tena. Tukiiacha Pompeii, tutaiona lini?" Mimi sina jibu la kumpa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sijayasema kwa sauti. Goti langu la kulia limechoka kwa kusimama miaka yote hii. Kutembea ninatembea, lakini ngazi nyingi siku mbili mfululizo zinanilaza. Halafu yuko mama mmoja wa Bologna aliyekuwa akija hotelini kwetu kila Januari kwa zaidi ya miaka kumi, ambaye sasa ni mzee na hasafiri tena. Tunaandikiana hadi leo. Ameniambia kwamba nikifika Italia nisipokula mezani kwake hatanisamehe, na kwamba yuko tayari kutulaza. Bologna haimo kabisa katika ratiba ya binti yangu.

Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho ni jambo la kuuliza mapema. Ninaomba unisaidie: je, ni ubinafsi kutaka kukaa mahali pachache wakati mwenzangu ameisubiri safari hii maisha yake yote? Na kama si ubinafsi, tuache miji gani, na nimweleze vipi bila kumvunja moyo yeye wala mtoto?

Mama wa Malindi


JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hongera kwa miaka 25, na hongera zaidi kwa akiba ya miaka sita, kwa maana nyumba nyingi hushindwa kuifikisha hata miezi sita.

Swali lako la ubinafsi nitalirudia baadaye, kwa kuwa nadhani litajijibu lenyewe tukishaihesabu ratiba. Chukua karatasi ukae na mume wako, na msihesabu miji, mhesabu vitanda. Binti yenu amewapangia miji sita na vitanda saba, maana Milan mnalala mara mbili, mara ya kwanza na mara ya mwisho. Vitanda saba ni kuhama mara sita. Kuhama si ile saa moja na nusu iliyoandikwa kwenye tiketi ya treni. Ni kufunga masanduku asubuhi, kutoka hotelini, kufika kituoni kabla ya wakati, kusafiri, kushuka, kuitafuta nyumba mpya mitaa ikiwa migeni, na kukuta chumba hakijawa tayari hadi alasiri, jambo ambalo wewe mtu wa mapokezi huna haja ya kuelezwa. Mimi nakadiria saa tano za mchana kwa kila kuhama kwa treni, nanyi mna kuhama kwa namna hiyo mara nne. Kwenda Paris kutoka Napoli na kurudi Milan ni karibu siku nzima kila mara, kwa sababu ya viwanja vya ndege. Ukijumlisha, katika siku kumi kamili mlizonazo, nne zitaishia njiani mkiwa mmeshika masanduku. Mwonyeshe mume wako hesabu hiyo kwa mwandiko wako mwenyewe. Mwalimu huheshimu hesabu iliyoonyeshwa njia.

Nina sababu yangu ya kulisema hili kwa uzito. Safari yangu ya kwanza ya Italia niliifanya na dada yangu mkubwa, Mungu amrehemu, na tulipita miji mitano kwa siku tisa. Alifariki miaka michache baadaye. Leo nikiitafuta safari ile moyoni, ninapata kumbi za vituo vya treni na mgongo wake ukiwa mbele yangu tukikimbilia behewa, isipokuwa asubuhi moja. Asubuhi hiyo treni hazikwenda kwa sababu ya mgomo, mambo ambayo Italia hutokea na kwa kawaida hutangazwa siku kadhaa kabla, ila sisi hatukuwa na habari. Tulikuwa Bologna, mji ambao tulikusudia kubadilishia treni tu. Tukakaa chini ya varanda moja tukinywa kahawa, mvua ikinyesha barabarani, naye akanisimulia mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Asubuhi hiyo ninayo hadi leo. Kwa hiyo ukiona ninaipendelea Bologna, ujue nina upande, ingawa sababu nitakazokupa zinasimama hata bila kumbukumbu zangu.

Pendekezo langu ni vitanda vitatu: Roma usiku 5, Bologna usiku 3, Venice usiku 3. Mtahama mara mbili tu.

Kabla ya yote, badilisheni tiketi ya ndege iliyokusudiwa. Ratiba ya binti yenu imefungwa na jambo moja, kwamba mnaingilia Milan na kutokea Milan. Mwombeni wakala awatafutie tiketi ya kuingilia Roma na kutokea Venice, ambayo mara nyingi bei yake haiachani sana na ile ya kwenda na kurudi mji mmoja, na ambayo watu huikosa kwa sababu hawaiulizii. Mashirika yanayopitia Doha, Dubai na Istanbul hufika Roma na Venice pia. Hata ikizidi kidogo, linganisheni na gharama ya kurudi Milan: treni, chumba cha usiku mmoja, na siku moja ya safari iliyopotea. Mkishaingia kusini na kutokea kaskazini, hamtapita njia moja mara mbili.

Sasa Roma, ambako nitakaa zaidi kwa sababu ndiyo haki ya mume wako. Usiku mbili, kama alivyopangiwa, zingempa siku moja kamili katika mji ambao ameufundisha miaka yote hiyo, na hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote ya ratiba ile, kubwa kuliko Paris. Usiku tano zinawapa siku nne kamili, ukiondoa ile ya kufika. Siku ya kufika isipangiwe kitu chochote chenye saa. Tofauti ya saa haitawasumbua, kwa kuwa kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Italia huwa nyuma ya Kenya kwa saa moja tu, lakini usiku wa ndege huchosha, na tangu Oktoba 2025 mipaka ya nchi nyingi za Ulaya imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni, kwa hiyo foleni haina uhakika. Kutoka uwanja wa Fiumicino kuna treni ya moja kwa moja hadi kituo cha Termini kwa dakika 32. Fikeni, mwoge, mtoke jioni kwa miguu, mle, mlale.

Siku nyingine zote fuateni kanuni moja: kitu kimoja chenye tiketi ya saa maalumu, nacho kiwe asubuhi, mchana mrudi kupumzisha goti, jioni mtoke bila ratiba. Tiketi ya Colosseum, uwanja wa michezo wa kale wa Warumi, huandikwa jina na saa, hufunguliwa mtandaoni siku 30 kabla, na ndani yake mnaingia pia Foro Romano, yaani magofu ya uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino. Foro ni mawe yasiyo sawa na Palatino ni mwinuko, hivyo siku hiyo pekee mwache mume wako apande kilimani peke yake, wewe ukae kivulini. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ambapo kiingilio ni bure na msongamano wake siwezi kumtakia mtu mwenye goti lako. Makanisani huingii ukiwa na mabega wala magoti wazi, jambo ambalo kwako si mzigo, lakini weka leso moja mkobani kwa matumizi mengine yote, maana utaikalia, utajifunika kwenye treni yenye baridi, na utaitandika bustanini.

Nakuja kwenye Pompeii, kwa sababu ndilo neno ambalo mume wako amelishikilia. Inawezekana kuifikia kutoka Roma na kurudi siku hiyohiyo: treni ya kasi hadi Napoli huchukua kama saa moja na dakika kumi, kisha kuna treni ya pili ya mji ya zaidi ya nusu saa. Ni siku ndefu na yenye joto la mawe. Akisema hawezi kulala bila kuiona, basi iwe hiyo siku moja, iondoe nyingine, na usimnung'unikie. Lakini kabla hajaamua, msomee habari za Ostia Antica. Huo ulikuwa mji wa bandari ya Roma mdomoni mwa mto Tiber, na magofu yake yapo hadi leo: barabara, maghala, nyumba za kupanga za ghorofa, mabafu ya umma, mikahawa yenye kaunta za mawe. Mnafika kwa treni ya mji kutoka kituo cha Porta San Paolo, jirani na kituo cha metro cha Piramide, kwa kama nusu saa na kwa tiketi ya kawaida ya usafiri wa jiji. Hufungwa Jumatatu. Kuna uwanja mmoja pale uliozungukwa na ofisi za wafanyabiashara wa meli, na sakafuni mbele ya ofisi nyingi imechorwa kwa vijiwe alama ya mji au biashara ya wenyewe. Watu wa Sabratha, pwani ya Libya ya leo, wameweka tembo. Mwalimu wa historia aliyekulia katika mji wa bandari wenye magofu ya Gede jirani yake, akasimama mbele ya tembo yule bila kusukumwa na umati, nadhani ataisahau Pompeii kwa saa nzima.

Siku ya nne ya Roma iachwe wazi kabisa. Asipangiwe mtu. Mkiamka mkitaka kurudi mahali mlipopapenda, mrudi. Kiingilio cha Pantheon, hekalu la kale la Warumi, kilikuwa euro 5 mwaka 2025, na mume wako atataka kuingia mara mbili.

Kuhusu mahali pa kulala Roma, ningechagua Esquilino, mtaa ulio kando ya Termini. Wako wasioupenda kwa kelele zake. Kwenu una faida tatu: metro zote mbili mnazozihitaji ziko karibu, ardhi yake haipandi sana, na humo wanaishi wahamiaji wengi Waislamu, kwa hiyo bucha na vijumba vya chakula cha halali mtavikuta bila kusumbuka, pamoja na soko kubwa lenye vyakula vya Asia na Afrika. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, uko mbali kidogo kaskazini mwa jiji. Ijumaa ikiwakuta huko, fanyeni safari ya kwenda kuswali iwe ndiyo shughuli ya asubuhi hiyo.

Roma hadi Bologna ni saa mbili na ushei kwa treni ya kasi, na hapa ndipo ratiba yangu inapoachana na za watu wengi, kwa sababu sikuweka kitanda Florence. Florence iko kiasi cha dakika 40 tu kutoka Bologna kwa treni hiyohiyo ya kasi. Mnaweza kuondoka saa mbili asubuhi na kurudi jioni mkiwa na mkoba mdogo tu. Isiwe Jumatatu, kwa kuwa majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia yote hufungwa siku hiyo. Chagueni jumba moja tu kati ya hayo mawili. Mimi ningechagua Accademia, ambayo ni ndogo na ndimo ilimo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, kwa sababu Uffizi inadai nusu siku ya kusimama. Kuba la kanisa kuu lina ngazi 463 na halina lifti. Mume wako apande, wewe umsubiri chini na kahawa, na atakaposhuka atakuwa na la kukusimulia.

Bologna yenyewe imejengwa kwa ajili ya mtu anayetembea polepole. Katikati ya mji barabara zimefunikwa na varanda zenye nguzo, kilomita 38 za varanda katika mji mkongwe peke yake, na UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Mvua za Aprili zinyeshe zisinyeshe, mnatembea pakavu, na kwa sehemu kubwa ni tambarare. Chuo kikuu chake huhesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote Ulaya, na mwaka unaotajwa kimapokeo ni 1088. Hapo mume wako atakuwa na siku yake, nawe utakuwa na yako mezani kwa rafiki yako.

Kuhusu rafiki huyo, nenda ukale kwake, tena si mlo mmoja. Kulala ni jambo jingine. Mkilala kwake, itabidi barua yake ya mwaliko iambatane na maombi yenu ya viza, na sheria ya huko humtaka anayempa malazi mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48. Yeye ni mzee. Kumpandisha ngazi za ofisi si shukrani njema. Ningechukua chumba karibu na kwake, ili asubuhi umkute amevaa na akikusubiri.

Chakula cha Bologna kinahitaji tahadhari ambayo Roma haihitaji kwa kiwango hicho. Mortadella ni soseji ya nguruwe, tortellini, yaani tambi ndogo za kufungwa, hujazwa nguruwe, na mchuzi wa nyama maarufu wa huko mara nyingi huchanganywa naye. Ulizieni tortelloni, ambazo ni kubwa kuliko tortellini na hujazwa jibini la ricotta na majani. Mwandikie rafiki yako sasa, si siku ya kuamkia chakula, umweleze mnachokula na msichokula, kwa sababu mama wa Bologna huanza kufikiria meza wiki nzima kabla.

Venice mtaifikia kwa saa moja na nusu kwa treni ya kasi. Mimi ningepanda ile ya mkoa, ya yapata saa mbili, ambayo bei yake haipandi hata ukinunua siku hiyohiyo na haikufungi kwa saa. Ila tiketi yake ikiwa ya karatasi, igongeni muhuri katika mashine ya kituoni kabla ya kupanda, maana bila muhuri huo mtatozwa faini.

Usiku mmoja wa Venice, kama ilivyokuwa katika ratiba ya kwanza, ni sawa na kutoiona. Mchana wageni wa siku moja huijaza hadi madarajani, jioni huondoka, na mji hurudi kwa wenyewe. Aliyelala mara tatu anapata jioni tatu na asubuhi tatu za mji ule wa pili. Ukiwa umewahi kukaa Lamu utaelewa haraka kuliko mtalii wa Milan: hakuna magari, mizigo huja kwa boti, na mtu hupotea vichochoroni bila hofu kwa kuwa mwisho wa kila kichochoro ni maji. Tofauti ni madaraja, zaidi ya 400, na mengi yana ngazi. Kwa hiyo usichague hoteli kwa picha zake. Chagua iliyo hatua chache kutoka kituo cha boti za umma za njia namba 1, zinazopita Mfereji Mkuu wote, na uulize kuna madaraja mangapi kati ya kituo na mlango wao. Tiketi ya boti ya safari moja ni euro 9.50, ya saa 72 ni euro 45. Mchukue ya saa 72, na hapo goti lako litapumzika kwa sababu boti ndiyo itakayotembea. Siku fulani kati ya Aprili na Julai mji hutoza ada wageni wa mchana. Wanaolala mjini hawaidaiwi, lakini hujaza fomu ya msamaha mtandaoni, msiisahau. Siku moja nendeni kisiwa cha Burano na mkae huko hadi jua lipoe. Siku ya kuondoka kuna basi la dakika 20 hivi kutoka Piazzale Roma, kituo cha mabasi cha Venice, hadi uwanja wa ndege.

Paris ni safari nyingine. Viza kuwa ileile si sababu ya kwenda mahali. Milan, Pisa na Capri sizisemei neno baya, ila hazimo katika kitu chochote ulichoniandikia kwamba mmoja wenu anakipenda.

Mambo ya viza yafanyeni kwa mpangilio huu: maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, ila msisubiri huko mwishoni, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe inafikia angalau euro 30,000, pasipoti iwe na miezi mitatu zaidi baada ya siku mtakayotoka Ulaya. Hoteli ziwe za kughairi bila malipo hadi viza itoke, na tiketi za treni za bei ya chini, ambazo hazirudishwi fedha wala kubadilishwa, zinunuliwe baada ya viza, si kabla. Angalieni pia kalenda: Pasaka ikiangukia Aprili, Roma hujaa mahujaji, na tarehe 25 Aprili ni sikukuu ya taifa ambayo huijaza Venice.

Sasa swali lako la kwanza. Kumwomba mwenzako aone mji wake wa Warumi kwa siku nne badala ya moja si ubinafsi. Lakini usimpelekee ratiba yangu kama hukumu, kwa sababu ataona safari yake imenyang'anywa. Mwambie kwanza habari za goti, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Mume wa miaka 25 ana haki ya kulijua kabla ya mshauri wa mbali, na nahofia kwamba hajui anakuvuta wapi anapokuvuta. Kisha kila mmoja aandike peke yake vitu vitatu ambavyo asipovipata atarudi na huzuni. Mviweke mezani pamoja. Nikikisia, chake kitakuwa Roma mara mbili na Pompeii; chako kitakuwa Bologna, kahawa, na maji. Vyote sita vinaingia katika vitanda vitatu.

Naye binti yenu msimfute. Amefanya kazi kubwa, na sehemu yake bora, yaani kununua tiketi za saa maalumu mtandaoni, kufuatilia siku ile ya 30 ya Colosseum, na kuangalia matangazo ya migomo, bado mnaihitaji na hakuna atakayeifanya vizuri kuliko yeye. Mwombeni hayo.

Barua za hoteli, hata hivyo, ziandike wewe, kwa Kiitaliano chako. Uliza kama kuna lifti, na kama ipo inaanzia ghorofa ya chini au baada ya ngazi sita za mlangoni, kama zilivyo nyumba nyingi za kale. Uliza chumba kiko upande gani. Umekaa miaka 19 upande wa pili wa barua kama hizo, na unajua ni zipi hujibiwa kwa moyo. Uanze na ya Bologna wiki hii, kwa mama yako wa kule, umuulize ni siku gani ya juma anayopenda kupika.